Hodi ya Kibuyu Namba Saba

1

Ukimwona mwanamke mzima anapiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe saa tatu asubuhi, huku anachungulia dirishani kama mwizi wa kuku, utasema huyu kachanganyikiwa. Wala hutakuwa mbali na ukweli. Naelijwa alikuwa amechanganyikiwa, tena wiki nzima, ila asubuhi hiyo alikuwa na sababu ya kusimama nje kwenye ukungu wa Usangi bila hata kanga ya kujifunika.

"Hodi!" aliita, akagonga mlango mara tatu kwa vifundo vya vidole.

Ndani alikuwemo Nambua, mtoto wake pekee, wa mwaka mmoja na miezi minane, amekaa kwenye mkeka anapanga na kupangua vifuniko vya sufuria. Dakika tano kabla ya hapo Naelijwa alisimama nyuma yake akamwita kwa jina. Akamwita tena. Akamwita mara ya tano, kwa sauti ya kubembeleza, kisha ya ukali, kisha ya kuomba. Mtoto hakugeuza hata shingo. Na usiseme labda hasikii, maana masikio ya mtoto yule yamepimwa mpaka vipimo vimechoka. Kijiko kikianguka jikoni, anageuka. Ng'ombe wa jirani akilia, anageuka. Mama yake akimwita, anaendelea na vifuniko vyake.

Sasa sikia kilichofuata baada ya ile hodi. Vifuniko vilianguka sakafuni kwa kishindo, miguu midogo ikaja mbio, na sauti nyembamba ikaita, "Bu! Bu!" Hilo ndilo neno lake la kwanza na la pekee. Baba yake alifikiri anataka bunju, sijui bunju ndiyo nini, na bibi yake alifikiri anaogopa mbu. Jirani mmoja aliyekuja Jumanne kuazima ungo ndiye aliyewafumbua macho. Alipiga hodi, mtoto akamkimbilia, na jirani akasema, "Jamani, hamsikii? Mtoto ananikaribisha."

Naelijwa alifungua mlango. Nambua alikuwa amesimama amenyoosha mikono yote miwili juu, uso umejaa furaha ambayo mama yake hajawahi kupewa tangu siku ya kwanza. Akamtazama mama usoni. Akachungulia nyuma yake, kushoto, kulia, mpaka kwenye baraza. Halafu uso ukamshuka na mikono ikamshuka, akarudi kwenye vifuniko vyake kimya kimya.

Afadhali angelia. Mtoto akilia unajua la kufanya, unambeba. Huyu hakulia, alivunjika moyo tu kama mtu mzima, na Naelijwa alibaki ameshika kitasa hajui aingie au aendelee kuwa mgeni. Kuna mtu mwanangu anamsubiri, alijiambia. Na mtu huyo si mimi.

2

Kituo alikokuzwa Nambua kabla ya kuzaliwa kina jina rasmi refu ambalo hakuna anayelikumbuka. Watu wa Same wanakiita Kitalu, kwa sababu mimba hupelekwa pale zikiwa changa kama miche na kuchukuliwa zikishakuwa watoto. Na ile mifuko mikubwa ya ngozi laini iliyotundikwa kwenye fremu, yenye maji ya uvuguvugu na kondo la mashine, hakuna anayeiita kwa jina la kwenye karatasi. Ni vibuyu. Mtoto wa Naelijwa alikulia kibuyu namba saba, baada ya mimba tatu kumtoka tumboni, ya mwisho ikiwa ya miezi mitano.

Daktari Mbelwa alikuwa kijana mwenye mikono mirefu, na alielezea kila kitu kwa mikono hiyo hiyo. Ukimuuliza swali dogo, anakuletea jibu kubwa, na ukilipokea hujui uliweke wapi.

"Mama Nambua, tuanze mwanzo. Mtoto huanza kusikia kwenye wiki ya ishirini na tano hivi. Tumboni hana shida ya kutafuta cha kusikia. Moyo wa mama unapiga, utumbo unanguruma, mama anaongea na watu, anacheka, anagombana. Akizaliwa anakuwa ameshajua sauti ya mama, na hiyo inakuwa kama kigingi. Kila anachojifunza baadaye, anakifunga kwenye hicho kigingi. Kutabasamu, kugeuka akiitwa, kutamka. Tunaelewana?"

"Tunaelewana," alisema Naelijwa. Nambua alikuwa mapajani mwake, anachezea kifungo cha blauzi kana kwamba blauzi ile haina mtu ndani.

"Sasa kibuyu hakina moyo. Kwa hiyo tunaweka spika ndogo, na kila mzazi anatuletea rekodi ya saa moja kwa siku. Sauti yake mwenyewe, ya kuongea. Mashine inakagua kama rekodi imefika, na zako zimefika zote. Siku mia moja na tano, hujakosa hata moja. Hongera."

Akabonyeza. Kwenye chumba kukasikika kitu kama pumzi. Kisu kinakatakata kitu juu ya ubao. Mlango wa kabati. Pumzi tena. Daktari akaruka mpaka siku ya ishirini, pumzi. Siku ya sitini, kisu na pumzi, na mahali fulani mtu anapenga kamasi.

"Mama, hizi ni rekodi zako?"

"Ni zangu."

"Mbona huongei?"

Naelijwa alimvuta Nambua karibu. Angemwambia nini kijana huyu wa watu? Kwamba kwao mtoto ambaye hajafika hasemeshwi, hatajwi, hanunuliwi hata soksi, kwa sababu ukimwita kabla ya wakati wake unamshtua njiani? Kwamba wale watatu wa kwanza aliwaongelesha kila asubuhi kama kichaa, na wote walikwenda? Kwamba kwa huyu wa nne aliapa kufunga mdomo, na kila siku aliwasha kinasa sauti mezani kama kituo kilivyotaka, kisha akakata vitunguu kwa saa nzima ameng'ata meno asije akasahau akasema?

"Kwetu hatuongei," alisema.

Mikono ya daktari kwa mara ya kwanza ikatulia. Akageukia mashine. "Kuna sikio lingine. Kile kibuyu chenyewe kinarekodi kila kinachofika kwenye maji, hata cha kutoka nje. Hatukisikilizi, huwa tunakihifadhi tu. Ngoja."

Akabonyeza. Saa moja asubuhi ya siku ya kwanza: maji yanavuma, halafu ngo, ngo, ngo.

"Hodi humo ndani! Hodi kwa mwenyewe! Husemi karibu? Haya, najijibu mwenyewe: karibu! Umeamka, au bado unajinyoosha? Mimi hapa na ndoo yangu. Inua miguu nipige deki, mzee."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, nzito kidogo, ya mtu anayecheka kabla hajamaliza kusema. Naelijwa hakupata nafasi ya kuisikiliza, kwa sababu mtoto aliyekuwa mapajani mwake aligeuka kama aliyevutwa kwa kamba. Macho yakawaka. Mikono ikaenda kwenye spika. "Bu!" alisema Nambua. "Bu! Bu! Bu!"

"Huyo ni Atuganile," alisema daktari taratibu. "Alikuwa mfanya usafi wetu. Ameshaacha kazi, sasa anafua mashuka ya nyumba za wageni, kule nyuma ya stendi." Akaruka siku ya thelathini, hodi. Siku ya tisini, hodi. Kila siku aliyorukia ilikuwa na hodi.

"Zima," alisema Naelijwa. "Tafadhali zima."

Ilipozimwa, mtoto alipiga spika kwa kiganja, akasubiri, akapiga tena. Naelijwa alitamani kumpiga mtu, ila hakujua ampige nani.

Ndipo Daktari Mbelwa alipoleta habari ya msuuzo. Mtoto analazwa usingizi kwa saa sita, anavishwa kofia yenye nyaya laini kama nywele, na kofia inalegeza kila kilichoingia kwa njia ya masikio kabla ya kuzaliwa. Haumizi. Akiamka, anakuwa kama aliyezaliwa leo kwa upande wa kusikia tu. Kutembea atatembea, kula atakula. Kisha mama anaongea naye mchana kutwa, na kigingi kipya kinasimama.

"Ila kuna mpaka," alisema. "Akishafikisha miaka miwili, kile cha ndani kinakauka kama saruji. Hapo hatugusi tena. Una miezi minne."

"Na huwezi kutoa ile sauti ya yule mama tu?"

"Kofia haichagui. Inasuuza yote."

"Kwa hiyo atabaki na nini?"

Daktari alifikiri, na safari hii hakutumia mikono. "Na kimya, mama. Lakini kimya kisafi."

Naelijwa alisaini tarehe ya msuuzo, wiki moja kabla ya siku ya kuzaliwa ya pili. Alisaini haraka, kama mtu anayeogopa kalamu itaisha wino. Alipofika barabarani alishangaa kwa nini anatembea kama aliyeiba kitu, wakati jambo lenyewe ndilo alilokuja kulitafuta.

3

Mama mkwe wake, Bibi Nakiete, alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharage ya makande. Ni mwanamke asiyepaza sauti, na hiyo ndiyo sababu kila mtu humsikiliza. Naelijwa alimsimulia yote akiwa amesimama, hajavua hata viatu. Mumewe Sifaeli, aliyetoka kwenye kazi yake ya kutengeneza mashine za kukaushia tangawizi, alisimama mlangoni na spana mkononi.

"Mfanya usafi?" alisema Sifaeli. "Mtoto wangu anamjua mfanya usafi, mimi hanijui?"

"Wewe je, ulirekodi?" aliuliza Naelijwa.

"Si mliniambia nisiongee!"

"Kamsuuzeni," alisema Bibi Nakiete, hajainua macho kwenye maharage. "Mtoto wa watu hasemeshwi na mpita njia. Amemteka. Akisuuzwa atakuwa wetu."

"Mama," alisema Naelijwa, "ni sisi tuliomwachia pengo."

"Pengo gani? Mimi nimezaa saba, Naelijwa. Sikumsemesha hata mmoja kabla hajafika. Mama yangu hivyo hivyo. Wote saba walinijua. Huyu mumeo alikuwa akinisikia nakohoa nje anaanza kulia titi. Unataka kuniambia mila ndiyo iliyoharibu?"

Naelijwa hakuwahi kumjibu mama mkwe wake zaidi ya maneno mawili. Siku hiyo yalitoka mengi, na yeye mwenyewe aliyasikiliza kwa mshangao kama yanasemwa na mtu mwingine.

"Wewe uliwabeba tumboni, mama. Hukuwaambia neno, lakini walikuwa wanakusikia ukigombana na baba, ukiita kuku, ukisali, ukikohoa. Ulikuwa unanyamaza wakati mwili wako wote unapiga kelele. Mimi wangu alikuwa ametundikwa mjini. Mimi niliponyamaza, mama, nilinyamaza kweli. Miezi mitatu na nusu mwanangu alikuwa anasikia kisu kinakata vitunguu."

Maharage yalisimama mkononi mwa bibi. Sifaeli aliangalia spana yake kana kwamba imeandikwa jibu.

"Sikujua," alisema Bibi Nakiete. "Niliogopa tu usije ukampoteza na huyu. Ulivyolia kwa yule wa tatu, nilijiambia sitaki kukuona tena vile." Akarudi kwenye maharage, lakini alikuwa anatupa mazima na kubakiza mabovu. "Kamsuuzeni basi. Au msimsuuze. Mimi sijui, mwanangu. Siku hizi sijui kitu."

Hilo lilimtisha Naelijwa kuliko kugombezwa. Katika miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kumsikia mama yule akisema hajui.

4

Alikwenda nyuma ya stendi kwa lengo moja, kumsuta yule mwanamke. Alishapanga maneno njiani. Nani alikutuma. Mtoto wa mwenzio unamzungumzisha kwa ruhusa ya nani. Kwako huna wa kuzungumza naye? Aliyarudia maneno hayo mpaka yakawa makali vizuri, na Nambua mgongoni amesinzia ndani ya mbeleko.

Kulikuwa na uwanja mzima wa mashuka meupe kwenye kamba, yanadondosha maji. Mtu haonekani. Kwa mazoea tu, bila kufikiri, Naelijwa akasema, "Hodi hapa!"

"Karibu, mgeni!" ilijibu sauti kutoka katikati ya mashuka. "Pita tu, lakini angalia matope hayo, yameshanilia ndala mbili."

Mgongoni, mtoto aliamka kama aliyemwagiwa maji. Akakakamaa. Kisha akaanza kupiga mateke, akajipinda, akajikamua kutoka kwenye mbeleko mpaka Naelijwa ikabidi amshushe kabla hajaanguka. Akakimbia. Aliingia kwenye shuka la kwanza, likamfunika, akalitoka. Akaingia la pili. Naelijwa alimfuata akisukuma mashuka yaliyolowa, moja likimpiga usoni, haoni mbele, anasikia tu "Bu! Bu! Bu!" inakwenda mbele yake. Alipotokea upande wa pili alimkuta mwanamke mnene wa makamo, mikono imejaa povu mpaka kwenye viwiko, na mguuni kwake mtoto amemng'ang'ania, shavu limebanwa kwenye goti, macho yamefungwa.

"Wee! Wewe ni wa nani?" alisema mwanamke yule, anacheka. "Mbona unanikumbatia kama tulikuwa tunadaiana mapenzi?"

Nambua aliinua uso. Akanyoosha ngumi yake na kugonga goti la mwanamke. Mara tatu.

Atuganile aliacha kucheka. Alimtazama mtoto, akamtazama Naelijwa, na povu likawa linadondoka taratibu kwenye vidole vyake.

"Namba saba?" aliuliza.

Maneno yote makali yalimpotea Naelijwa. Aliitikia kwa kichwa tu. Alikuwa anauona uso wa mwanawe ukiwa umekamilika, ukiwa na amani, na uso huo haukuwa wake yeye. Aliona wivu wa waziwazi, wa kitoto, na hakuona hata haya.

"Kwa nini?" ndilo neno pekee alilopata.

"Kwa nini nini, mama?" Atuganile alifuta mikono kwenye gauni. "Chumba cha mtu, unaingiaje bila hodi? Mimi nimelelewa Tukuyu, mama yangu alikuwa hachezi na hilo. Vibuyu vilikuwa kumi na viwili mle ndani. Kumi na kimoja vinapiga kelele kama sokoni, baba anasoma kitabu, mama anaimba. Hicho cha saba, sisikii kitu. Nikaona labda mwenyewe amelala, nisimshtue. Nikagonga. Unajua alifanya nini? Alinigongea, huko huko ndani. Kwa mguu. Sasa mtu amekuitikia, wewe unanyamaza?"

"Ulimwambia nini siku zote hizo?"

"Ah, maneno ya deki. Mvua, bei ya sabuni, mtoto wangu wa kwanza anavyonisumbua. Maneno ya maana hayakuwepo." Alisita. "Ila Jumamosi ulikuwa unakuja wewe. Hukuniona, mimi ni mtu wa ndoo, nani ataniona? Unaweka mkono kwenye kibuyu, unasimama nusu saa, machozi yanatiririka, husemi neno. Ukishaondoka nilikuwa namwambia, huyo aliyeshika hapo ni mama yako. Atakuja kukuambia mwenyewe, ana sababu zake. Mimi nakushikia zamu tu."

Naelijwa aliketi. Hakuangalia anaketi juu ya nini, na ilikuwa ndoo. Alikuja kusuta, akajikuta analia mbele ya mtu asiyemfahamu, katikati ya mashuka ya wageni, na yule mtu asiyemfahamu anatafuta kona kavu ya shuka amfute machozi.

"Ulipomchukua nilifurahi," alisema Atuganile. "Kesho yake nikaingia, nikagonga kwa mazoea. Hakuna aliyeitikia, nikakumbuka. Nikamaliza wiki, nikaacha kazi. Sikukiweza tena kile chumba." Aliinama, akaanza kuufungua mkono wa mtoto kutoka mguuni pake, kidole kimoja baada ya kingine, naye mtoto anavirudisha. "Haya, mzee. Zamu yangu imekwisha. Mama huyo pale."

Nambua hakugeuka. Ilibidi abebwe, na alilia mpaka walipopita soko. Hicho ndicho kilio alichokitamani Naelijwa siku ile mlangoni, na sasa alipokipata hakujua kama ni chake.

5

Wiki moja kabla ya siku ya kuzaliwa walikwenda Kitalu wote watatu. Naelijwa alikuwa hajalala vizuri kwa miezi minne. Asubuhi alikuwa anataka msuuzo, akishakula mchana hautaki, jioni anautaka tena. Sifaeli alisema atakubali lolote, jambo ambalo halimsaidii mtu yeyote. Bibi Nakiete alibaki nyumbani, lakini kabla hawajaondoka alimshika mtoto kichwani kwa muda mrefu, na midomo yake ilikuwa inacheza.

Naelijwa alishajua msuuzo utamwondolea mtoto nini. Ungemwondolea kumsubiri mtu asiyekuja. Ungempa mama nafasi ya kuanza upya, na nani asiyeitaka? Kwa upande mwingine, ungefuta asubuhi mia moja na tano ambazo kuna mtu alimjali, na badala yake kisingebaki kitu, maana hata kisu na vitunguu vingefutwa. Hakuwa na hakika kama anataka msuuzo kwa ajili ya mtoto au kwa ajili ya wivu wake. Kila alipojaribu kuvitenganisha, vilikuwa vimeshikana.

Chumba cha msuuzo kilikuwa mwisho wa ukumbi, na mlango wake ni wa rangi ya maziwa. Nesi alikuwa ametangulia ndani kuandaa kofia. Daktari Mbelwa alitembea nyuma na kitabu cha saini. Nambua alikuwa mbele ya wote, anatembea kwa kujiamini na viatu vyake vipya vinavyolia kila akikanyaga.

Alifika mlangoni, akasimama. Akainua ngumi, akagonga. Ngo, ngo, ngo. Akarudi hatua moja nyuma, akaweka mikono pamoja mbele ya tumbo, akasubiri kuitikiwa.

Hakuna aliyemfundisha hivyo nyumbani. Naelijwa alijua kwa sababu nyumbani hakuna aliyemfundisha kitu, kila walichomwambia kilipita. Kugonga na kurudi nyuma na kusubiri mwenyewe aseme, hayo ndiyo malezi pekee ambayo mwanawe alikuwa nayo, na alikuja nayo duniani.

Ndani, nesi alikuwa na shughuli zake. Hakujibu. Mtoto alisubiri, akageuza uso akawaangalia watu wazima mmoja mmoja, amechanganyikiwa, kama mtu aliyefanya kila kitu kama inavyotakiwa na bado mlango haujibu. Ndio uso ule ule ambao Naelijwa alikuwa anauona kwenye kioo tangu miezi minne iliyopita.

"Daktari," alisema, "turudi nyumbani."

"Mama Nambua, wiki ijayo itakuwa haiwezekani tena. Umeelewa hilo? Ukibadili mawazo hakuna pa kurudi."

"Nimeelewa. Sina hakika, ila nimeelewa."

"Na kama hatakujua kabisa?"

Naelijwa alimwinua mtoto. Mtoto aliendelea kutazama mlango juu ya bega lake mpaka walipokata kona.

Kuanzia kesho yake alianza. Kila asubuhi saa moja alitoka chumbani, akavaa ndala, akasimama nje ya mlango wa chumba cha mtoto, akagonga mara tatu. "Hodi humo ndani. Ni mimi, mama yako. Jina langu Naelijwa." Kisha akaongea. Alimwambia yote aliyoyameza kwa siku mia moja na tano, habari za wale watatu, habari za vitunguu, habari za mkono wake kwenye kibuyu kila Jumamosi. Aliongea vibaya, akirudia rudia, kwa sauti iliyokauka. Kutoka jikoni Bibi Nakiete alisikika naye anamsemesha mtoto kupitia ukuta, kwa sauti kubwa ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo.

Siku ya kwanza mtoto alikuja mbio, akachungulia nyuma yake, uso ukashuka, akarudi. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya nne Atuganile alipanda mlima kuja kumwona, na mtoto akakaa mguuni kwake kwa saa tatu, na Naelijwa alipika chai ya tangawizi akaimimina nje ya kikombe kwa wivu. Siku ya tano na ya sita, uso ulishuka tena.

Siku ya saba ilikuwa siku ya kuzaliwa. Kule Kitalu, kwa hesabu za Daktari Mbelwa, saruji ilikuwa imeshakauka. Naelijwa aligonga mara tatu.

"Hodi humo ndani. Ni mimi tena."

Miguu ilikuja mbio. Mlango ukavutwa. Nambua alimtazama usoni, akachungulia nyuma yake, kushoto, kulia, mpaka mlango wa nje. Hapakuwa na mtu mwingine. Uso ukaanza kushuka, na Naelijwa akajiandaa kuuona ukishuka kama siku zote.

Mtoto hakurudi ndani. Alisimama kizingitini kwa muda, anaangalia zile ndala za mama yake kana kwamba anazihesabu. Kisha akanyoosha mkono, akashika kidole kimoja cha Naelijwa, akakivuta.

"Bu," alisema.

Naelijwa alivua ndala, akaingia, akaketi mkekani pale alipoonyeshwa.